Karakana ya ngozi gerezani: vifaa vipi, na kazi ipi ianze?

FundiWaKesho

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa karakana za magereza. Kuna kikundi cha wafungwa 12, hakuna aliyewahi kushika ngozi. Kipindi ni saa mbili, siku nne kwa wiki, na hesabu inaweza kuitwa wakati wowote, kila mtu anaacha alichoshika na kusimama mstarini. Uongozi umekataa visu vya kupita mkono kwa mkono, viberiti na gundi zenye kulewesha. Mpango ni mikanda kwanza, kisha pochi za kadi, mabegi baadaye.

Maswali yangu matatu. Ngozi itakatwaje bila visu? Vifaa vidhibitiwe vipi ili karakana isifungwe wiki ya kwanza? Na je, kuna ufundi mwingine wa mkono wa kuwapa watakaokosa nafasi kwenye meza?

---

KaraniWaStoo

Nianze na la pili, maana hilo ndilo linaloua karakana nyingi kuliko ubovu wa mafundi.

Tengeneza ubao wa vivuli. Ni ubao wa ukutani ambao kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi, chini yake kina namba, na namba hiyohiyo imechongwa kwenye mpini. Kifaa kikitoka, anayekichukua anaacha kibati chenye namba yake kwenye msumari uleule. Askari akiingia anasoma ukuta kwa jicho moja: umbo tupu lisilo na kibati ni tatizo, basi. Hesabu vifaa mara tatu: kabla ya kufungua, hesabu ya wafungwa ikiitwa, na kabla mtu yeyote hajatoka mlangoni. Ukihesabu watu wakishatoka umechelewa.

Sindano ndizo zinazosumbua kuliko visu. Usitoe sindano bila kuandika, na ikivunjika virudi vipande vyote viwili. Zichome kwenye kipande cha sponji gumu chenye mashimo 24 (mbili kwa kila mtu), tundu tupu lionekane. Nunua butu, za mshono wa mkono, kwa sababu matundu yatakuwa yameshatobolewa.

Kuhusu kukata: tafuta kalibu za kukatia, yaani umbo la chuma lenye makali upande mmoja, linalokandamizwa kwa presi ya mkono. Kalibu moja ya uso wa pochi, moja ya mfuko wa kadi. Presi inafungwa kwa bolti mezani, kalibu zinakaa kwenye kabati la mkufunzi. Mtu mmoja anakata vipande vya kikundi kizima kwa nusu saa, na hakuna kisu kinachotembea. Hasara yake ni kwamba umefungwa na umbo lile. Ukitaka kubadili upana kwa milimita mbili, unachonga kalibu nyingine.

---

UziNaNta

Naunga mkono yote ya Karani, ila kwenye mikanda ndugu mwuliza napinga. Usianze nayo. Mkanda unataka kipande kirefu cha ngozi ya mgongo, unene wa milimita 3 hadi 3.5, kilichokatwa kufuata uti. Ukikata kwenye tumbo kwa sababu ndiko kulikobaki, mkanda unavutika na kupinda kama ndizi baada ya kuvaliwa, na mteja harudi. Mwanafunzi akikosea mkanda ameharibu zaidi ya mita moja ya sehemu bora ya ngozi. Akikosea pochi ya kadi ameharibu kipande cha ukubwa wa kiganja.

Anza na kishikio cha funguo (mshono wa sentimita 6 tu), kisha pochi ya kadi ya vipande viwili, ngozi ya milimita 1.2 hadi 1.5. Mikanda ije mwezi wa pili.

Sasa mgawanyo wa kazi. Matundu yote yatobolewe mezani kwa uma wa chuma wa kutobolea, wa meno manne au sita, na nyundo ya mbao, chini ya usimamizi. Tundu hadi tundu milimita 3 kwa pochi, 4 kwa mkanda na begi. Mstari ukae milimita 3 kutoka ukingoni kwa pochi, 4 kwa begi. Ukisogeza uma, jino la kwanza liingie kwenye tundu la mwisho ulilotoboa, hapo ndipo nafasi zinabaki sawa. Vipande viwili vitobolewe vikiwa vimeshagandishwa pamoja. Ukitoboa kimoja kimoja, ikifika tundu la thelathini havilingani na unaanza kuvutavuta.

Baada ya hapo ni mshono wa sindano mbili, uzi mmoja: sindano moja kila ncha ya uzi, zote zinapita tundu lilelile kutoka pande mbili. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono kwa ngozi nyembamba, ongeza sentimita 30 za kushikia. Mshono wa sentimita 20 unataka mita moja na kidogo. Kwa begi lenye tabaka tatu nenda mara tano. Uzi wa milimita 0.6 kwa matundu ya 3, wa 0.8 kwa matundu ya 4.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi: anabadili mpangilio. Leo sindano ya kushoto inatangulia, tundu linalofuata ya kulia. Matokeo ni mshono unaolala upande mmoja, kisha unasimama, kisha unalala upande mwingine. Chagua upande mmoja utangulie, basi, mpaka mwisho. Kosa la pili: sindano ya pili inapenya katikati ya uzi wa kwanza. Uzi ukishatobolewa hauwezi kukazwa, na siku ya kufumua unakatika. Dawa yake ni kuvuta uzi wa kwanza nyuma kidogo wakati sindano ya pili inaingia. Uzi ukitembea, hujautoboa. Ukigoma, toa sindano urudie.

Na hapa ndipo ngozi inapokubaliana na gereza. Mshono huu ukikatishwa na hesabu katikati ya tundu la 17 hauharibiki. Unaweka chini, unarudi, unaendelea na la 18. Panga kila kazi kwa kipimo hicho: je, ikiachwa ghafla kwa dakika arobaini, inaokoka? Kushona kunaokoka. Kusuka kunaokoka. Gundi haisubiri mtu, rangi iliyofika nusu ya kipande inaacha mpaka usiofutika.

---

FundiWaKesho

Asanteni sana, mikanda nimeisogeza. Ila nimekwama mambo mawili. Uzi wa poliesta kila mtu anamalizia kwa kuuchoma ncha, na hapa moto hauruhusiwi. Pili, vipande vya majaribio vimetoka na madoa meusi ya bluubluu, hasa vilivyolowekwa kabla ya kupigwa nakshi. Ngozi ni mbovu?

---

MagomeMatupu

Ngozi yako ni nzima, tena madoa hayo yanathibitisha kuwa imedabaghiwa kwa magome. Tanini, yaani dawa ya magome inayobaki ndani ya ngozi, ikikutana na chuma na maji inageuka nyeusi. Angalia: bakuli la maji lina kutu? Mtu ametoka kusugua presi kwa msasa akashika ngozi bila kunawa? Chembe za chuma usizoziona zinatosha. Loweka kwa bakuli la plastiki, nawa mikono, futa vyuma vya kupigia nakshi kwa kitambaa kikavu. Doa jipya paka maji ya limau kwa pamba, ngoja litoweke, kisha futa kwa maji safi. Lililokaa wiki huenda lisitoke lote.

Kulowesha nako kuna kiasi chake. Pitisha sponji usoni na upande wa nyama (wa ndani), rangi ikolee, kisha acha. Subiri mpaka rangi ianze kurudi karibu na ilivyokuwa kavu lakini ukiiweka shavuni bado ina ubaridi. Hapo ndipo inapigwa nakshi. Ikiwa mbichi mno alama inavimba na kujifuta. Ikiwa kavu alama haiingii, na mwanafunzi anapiga kwa hasira mpaka anatoboa. Hesabu ikiitwa, funika kipande kwa mfuko wa plastiki, utakikuta hivyohivyo hata kesho. Usikiache kwenye mfuko siku nne, kitaota ukungu. Na usijaribu nakshi kwenye ngozi ya kromi (iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromi badala ya magome), haishiki alama, utadhani fundi ndiye mbaya.

Kuhusu uzi: hama kwenye kitani kilichopakwa nta. Maliza kwa kurudi nyuma matundu matatu, toa ncha zote upande wa nyuma, kata sawa na ngozi, gonga mshono mzima polepole kwa nyundo. Nta na msuguano vinashika. Hakuna haja ya moto.

Gundi iwe ya maji. Paka pande zote mbili, nyembamba, ngoja mpaka weupe uishe na iwe angavu, kisha bandika na kandamiza. Wanaoharakisha wanabandika ikiwa bado nyeupe, kisha wanalalamika kuwa haishiki. Kabla ya kupaka, kwaruza uso laini kwa msasa, gundi haina pa kung'ang'ania kwenye ngozi inayong'aa. Kazi hii ifanywe mwanzoni mwa kipindi.

Rangi za spiriti sahau, kuna watu watazinywa. Kwa nyeusi tumia huohuo ubaya wa chuma uufanye wema. Osha sufi ya chuma ya kusugulia sufuria kwa sabuni ili mafuta yatoke, kausha, tia kiganja kimoja kwenye nusu lita ya siki, acha wiki moja hadi mbili. Kifuniko kisikazwe, inatoa gesi. Chuja kwa kitambaa. Ukiipaka kwenye ngozi ya magome inakuwa nyeusi mbele ya macho yako, na weusi huo hauchafui nguo kwa sababu si rangi iliyokaa juu, ni ngozi yenyewe iliyogeuka. Kisha suuza kwa maji yenye kijiko kikubwa cha magadi ya kuokea kwa lita moja, suuza tena kwa maji matupu, kausha, paka mafuta. Ukiruka mafuta inakatika ikikunjwa.

---

MsukaMajani

Kwa wasio na nafasi mezani kuna kazi ambazo, vipande vikishakatwa, hazitaki kifaa hata kimoja chenye makali.

Mabaki ya kalibu yasitupwe. Yakatwe kamba za milimita 3, yasukwe. Msuko wa kamba nne wa mviringo unataka kila kamba iwe mara moja na nusu ya urefu unaotaka. Lowesha kidogo, vuta kwa nguvu ileile kila mkunjo. Kamba isiyo na upana sawa ndiyo inayotoa nundu, si mkono.

Karatasi za kukunja ndizo kazi nyepesi kuliko zote. Kata mistatili ya sentimita 5 kwa 10 kutoka vifungashio vya biskuti au majalada ya magazeti. Kunja pande ndefu zikutane katikati, kunja tena upate utepe wa tabaka nne. Kisha kunja utepe katikati, fungua, leta ncha zote katikati, kunja tena. Unapata kiungo cha miguu miwili, ambacho kila mguu unaingia kwenye mfuko wa kiungo kingine. Mnyororo unakuwa ubavu wa mkoba, halafu unashonwa kwa nailoni ya kuvulia samaki. Ukiona mnyororo unajipinda, usilaumu mkunjaji, mlaumu mkataji: mstatili mmoja ulikuwa na milimita mbili zaidi. Mpe kipimo cha kadibodi ngumu.

Ukitaka kuwapa moyo, waeleze habari za Norman Cross huko Uingereza, kambi ya mateka wa vita iliyofunguliwa 1797. Mateka wa Kifaransa walichonga meli na masanduku kwa mifupa iliyotoka jikoni, wakapamba visanduku kwa majani makavu yaliyopasuliwa na kubandikwa, wakauza sokoni pale langoni. Lakini biashara yao ya majani yaliyosukwa kwa ajili ya kofia ilipigwa marufuku, maana iliwaumiza wasukaji wa vijijini. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bidhaa angalia jirani yako anaishi kwa kuuza nini.

---

KaraniWaStoo

Hilo la mwisho la Msuka ni muhimu, niongeze la mauzo. Andika mapema mgawanyo wa fedha na uubandike ukutani. Kanuni za Mandela kuhusu jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kwenye kanuni ya 103 kwamba kazi ya mfungwa ilipwe kwa haki, aruhusiwe kutumia sehemu na kutuma sehemu kwa familia, na nyingine iwekwe akiba apewe akitoka. Kanuni ya 99 inakataza mafunzo na maslahi ya wafungwa yawekwe chini ya faida. Ukimbana mtu ashone pochi hiyohiyo mwaka mzima kwa sababu inauzika, umeshavuka mstari huo.

Usiahidi mnunuzi wa nje ya nchi kabla hujauliza. Ibara ya 20 ya mkataba wa biashara wa GATT, 1947, inaziruhusu nchi kuzuia bidhaa zilizotengenezwa magerezani, na Marekani ina kifungu cha 307 cha sheria yake ya ushuru ya 1930 kinachozuia kuziingiza.

---

UziNaNta

Nimesahau vipimo vya mkanda, maana mwezi wa pili utafika. Pima mkanda wa zamani wa mteja kutoka mkunjo wa bizimu hadi tundu analolitumia, usipime kiuno kwa futi. Hilo liwe tundu la katikati kati ya matano, yakipishana sentimita 2.5. Ongeza sentimita 15 baada ya tundu la katikati na sentimita 8 za kukunjia bizimu. Bizimu ya milimita 40 inataka utepe wa 38, ukikata 40 kamili unakwama. Pale pa mkunjo punguza unene upande wa nyama hadi karibu nusu, lakini afanye mkufunzi, hicho ndicho kisu pekee kitakachobaki karakana nzima.

---

FundiWaKesho

Nimeelewa. Sponji la matundu 24 naanza nalo kesho, na siki nimeshaiweka.

---

MagomeMatupu

Weka kibandiko kwenye chupa hiyo, na uiandike kwenye daftari la vifaa kama unavyoandika sindano. Na usikaze kifuniko.