Mlio wa kugongagonga upande wa klachi kwenye gari lililotumika: nianzie wapi kabla giaboksi haijashushwa?

Pedeli Tatu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na magari ya gia za mkono.

Nimenunua gari lililokwisha kutumika, lenye injini ya dizeli ya silinda 4 na giaboksi ya gia 6, na nimekuwa nikisikia mlio mkavu wa kugongagonga, kama karanga zinazotikiswa ndani ya kopo, ukitokea pale injini inapoungana na giaboksi. Unasikika injini ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, gia ikiwa nyutro na mguu wangu ukiwa nje ya klachi. Nikikanyaga klachi unakoma, nikiachia unarudi. Gia zinaingia bila kukwama, klachi haitelezi mlimani, na pedeli si nzito.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa muda mfupi akasema ni beringi ya klachi. Wa pili akasema shafti ya giaboksi imelegea na kwamba nianze kutafuta giaboksi nyingine. Jambo pekee wanalokubaliana ni kwamba giaboksi ishushwe, na hapo ndipo ninaposita, kwa sababu kazi ya kuishusha na kuipandisha ni ileile hata kama kitakachokutwa na hitilafu ni kifaa kidogo, na sipendi ishushwe leo kwa dhana moja kisha ishushwe tena kwa dhana nyingine. Aliyeniuzia anasema klachi ilibadilishwa muda si mrefu kabla ya mauziano. Je, kuna vipimo ninavyoweza kufanya mwenyewe vikapunguza idadi ya washukiwa?

Mzee wa Spana

Mkuu, hiyo ni beringi ya klachi, nimeziona nyingi. Weka seti nzima ya klachi, yaani pleti, presha pleti (sahani inayoibana pleti) na beringi, kisha uendelee na safari zako.

Fundi Mtulivu

Kwa heshima zote kwa Mzee wa Spana, dalili alizozieleza mleta mada zinaelekea upande mwingine. Beringi ya klachi hubeba mzigo pale pedeli inapokanyagwa, kwa kuwa ndipo inaposukuma vidole vya presha pleti, yaani ncha za springi yake. Ikichakaa, kwa kawaida hulia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, na mlio wake huwa wa kusaga au wa kunung'unika zaidi kuliko wa kugongagonga. Kwa mleta mada, kukanyaga ndiko kunakonyamazisha.

Ni vizuri akaelewa kinachotokea ndani. Mguu ukiwa nje, klachi pleti imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini) na presha pleti, kwa hiyo shafti ya kuingilia giaboksi inazunguka pamoja na injini hata gia ikiwa nyutro, na jozi za gia ambazo meno yake yameshikana daima zinazunguka nayo zikiwa tupu, bila mzigo wowote. Ukikanyaga hadi chini, pleti inaachiwa na shafti hiyo inatulia. Mlio unaokufa hapo una washukiwa wanne: beringi za shafti ya kuingilia, meno ya gia yanayogongana kwa kukosa mzigo, springi zilizo katikati ya klachi pleti, au flaiwili yenyewe kama ni ile ya vipande viwili vinavyounganishwa kwa springi.

Hata hivyo simfutii Mzee wa Spana hoja yake yote. Katika magari ambayo beringi hukaa mbali kidogo na vidole mpaka ukanyage, beringi au uma wake (mkono unaoisukuma) ukilegea huweza kutikisika na kugonga mguu ukiwa nje, na mlio hukoma mara beringi inapogusa vidole. Kwa hiyo swali si kama mlio unakoma ukikanyaga, bali unakoma pedeli ikiwa imefika wapi.

Fanya hivi. Simamisha gari mahali tambarare na pa wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa injini unaua. Vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, acha injini ipate joto, gia iwe nyutro. Kanyaga klachi polepole sana kwa ncha ya kiatu huku redio na feni vikiwa vimezimwa. Mlio ukitoweka mwanzoni kabisa, pale unapohisi pedeli inaanza kuwa nzito, shuku beringi na uma. Ukiendelea mpaka karibu na mahali ambapo gari huanza kuondoka unapoachia klachi ukiwa kwenye gia, basi unategemea kuzunguka kwa shafti, na beringi ya klachi unaweza kuiweka kando. Tahadhari moja: magari mengi ya kisasa yana beringi inayogusa vidole muda wote, inayosukumwa na silinda ya mafuta iliyozunguka shafti ndani ya giaboksi. Kwa hayo, kipimo cha mguso wa mwanzo hakina uzito mkubwa.

Dereva wa Milimani

Kabla ya yote hayo, chungulia mabati ya kuzuia joto kwenye ekzosi. Yakikatika bolti hutoa mlio wa aina hiyo, hasa injini inaponguruma taratibu, na mtu akashusha giaboksi bure. Ila bati halijui kama umekanyaga klachi, kwa hiyo kama mlio unafuata pedeli kila mara bila kukosea, achana nalo.

Mhandisi Mguu Mwepesi

Naongezea kipimo cha pili, kwa sababu cha Fundi Mtulivu kitakwambia kama tatizo linafuata shafti, lakini hakitatenganisha beringi ya giaboksi na mtikisiko wa injini.

Injini ya silinda 4 yenye mipigo minne huwasha mafuta mara 2 kwa kila mzunguko. Ikinguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni karibu mara 27 kwa sekunde, na kila mwako unaisukuma shafti mbele kisha unaiacha ipunguze kasi. Mzunguko wa injini, kwa hiyo, haulingani sawasawa. Unakwenda kwa kusukumwasukumwa, na dizeli husukuma kwa nguvu kuliko petroli. Kati ya meno ya gia lazima pawepo uwazi mdogo, la sivyo yangesagana, na gia tupu zikisukumwa hivyo hugonga upande huu na upande ule wa uwazi huo. Kazi ya springi za klachi pleti, au za flaiwili ya vipande viwili ambayo ilianza kuwekwa kwenye magari tangu miaka ya 1980, ni kumeza misukumo hiyo kabla haijafika kwenye gia.

Basi mlio ukiwa pale pale, mguu nje, nyutro, pandisha mizunguko taratibu kutoka 800 hadi 1,200 au 1,500. Mlio wa beringi iliyochakaa hupanda pamoja na injini: unakuwa mwembamba na wa kasi zaidi, lakini hauondoki. Mlio wa meno ya gia hupungua au kutoweka kabisa, kwa kuwa misukumo inakaribiana na mzunguko unalainika. Kisha rudisha chini na uwashe kiyoyozi na taa kubwa ili injini ibebe mzigo. Kama ngurumo yake inakuwa nzito na mlio nao unaongezeka, ushahidi wa mtikisiko unakuwa mkubwa. Mwisho, zima injini na usikilize inapokata. Flaiwili ya vipande viwili iliyochoka mara nyingi hutoa kishindo cha chuma wakati wa kuzima au kuwasha.

Pedeli Tatu (mleta mada)

Nawashukuru sana, na huu ndio mrejesho.

Mabati ya ekzosi yamekaza. Nilipokanyaga polepole mlio haukubadilika mwanzoni, ukafifia pedeli ilipopita katikati, na ukatoweka karibu kabisa na mahali ambapo gari huanza kuvuta. Nilipopandisha mizunguko ulipungua, na kufikia kama 1,200 sikuusikia tena. Kiyoyozi kilipowashwa uliongezeka waziwazi. Wakati wa kuzima injini hakukuwa na kishindo chochote, ilikata kimya. Nikiwa barabarani, nikikanyaga mafuta kwenye gia ya 5 wakati mwendo ni mdogo, mlio unarudi kwa muda kisha unapotea gari likichanganya.

Vilevile nimemwomba aliyeniuzia stakabadhi za matengenezo. Ile ya klachi inaonyesha seti ya klachi pamoja na kitu kilichoandikwa "flaiwili nzima". Sijui kama maneno hayo yana maana yoyote zaidi ya kwamba flaiwili ni mpya.

Fundi Mtulivu

Kwa maoni yangu stakabadhi imemaliza nusu ya kazi. Magari mengi ya dizeli ya aina hiyo hutoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili. Ikichakaa, wapo wanaoibadilisha kwa flaiwili ya chuma kipande kimoja, ndiyo hiyo "nzima", kwa sababu ni rahisi kupata na haina springi za kuchoka. Gari linakwenda vizuri tu, lakini kinga ya misukumo iliyokuwa ndani ya flaiwili inaondoka, na kazi yote inabaki kwa springi ndogo za klachi pleti. Kukata kimya kwa injini yako kunaendana na hilo: kipande kimoja hakina cha kugongana nacho.

Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba huna kifaa kilichovunjika. Una mlio wa meno ya gia uliokuwa ukifichwa na flaiwili ya awali.

Mzee wa Spana

Nimesoma vipimo na nakubali, beringi haimo. Ila ndugu mleta mada asilale kabisa. Klachi pleti inayotoka pamoja na flaiwili ya vipande viwili kwa kawaida haina springi katikati, kwa kuwa springi ziko kwenye flaiwili. Kama aliyefanya kazi aliweka flaiwili nzima na kuiunganisha na pleti ya namna hiyo, hakuna kitu chochote kati ya injini na giaboksi kinachomeza misukumo, na hilo si suala la kelele tu. Gia na beringi zinapigwa kila sekunde. Tafuta kwenye stakabadhi namba ya pleti na uilinganishe na ya mtengenezaji. Giaboksi nyingine zina tundu dogo la ukaguzi lenye kifuniko cha raba upande wa chini. Ukipitisha kamera nyembamba unaweza kuona mdomo wa flaiwili, na ya vipande viwili utaitambua kwa ufa unaoizunguka kati ya vipande hivyo.

Mhandisi Mguu Mwepesi

Wakati ukisubiri namba hiyo, shughulikia visivyohitaji kushusha kitu. Angalia kama injini inanguruma sawa: nozeli moja dhaifu au raba ya injini iliyopasuka huongeza mtikisiko, na mlio wa gia hukua nao. Angalia pia oili ya giaboksi, kiasi chake na aina yake kwa mujibu wa kitabu cha gari, kwa sababu iliyopungua au nyepesi kupita kiasi hufanya gia zigonge kwa sauti zaidi. Usikubali kushawishiwa kuweka nzito kupindukia ili kuua kelele, maana gia zitaanza kugoma kuingia injini ikiwa baridi. Na acha kukanyaga mafuta kwenye gia ya 5 mwendo ukiwa mdogo, teremka gia moja.

Pedeli Tatu (mleta mada)

Namba imepatikana na muuza vipuri ameilinganisha: pleti ni ya kuendana na flaiwili nzima, ina springi. Oili ya giaboksi ilikuwa pungufu kidogo na imeongezwa ya aina inayotakiwa. Mlio umepungua ila upo. Raba ya injini ya upande mmoja imepasuka, nimeiagiza. Giaboksi sitaishusha kwa sasa. Swali langu la mwisho: itakapofika siku ya kubadilisha klachi, nirudi kwenye flaiwili ya vipande viwili?

Fundi Mtulivu

Ukiendesha zaidi mjini, kwenye foleni, nakushauri urudi, kwa kuwa ndiyo giaboksi ilivyobuniwa. Ukiwa wa safari ndefu na kelele haikusumbui, ile nzima itakuhudumia. Mzee wa Spana huenda akanipinga.

Mzee wa Spana

Sikupingi. Ninachosisitiza ni kwamba siku hiyo awepo gereji. Giaboksi ikishashuka, shafti ya kuingilia ishikwe kwa mkono itikiswe na izungushwe, isikilizwe kama inakwaruza. Kulegea kidogo kwa kutikisika hakumaanishi imekufa, hasa kwenye giaboksi ambazo ncha ya shafti hushikiliwa na beringi ndogo iliyoko upande wa injini. Kukwaruza ndiko kubaya, na beringi hiyo ndogo nayo ibadilishwe kama ipo. Uma upakwe grisi kidogo kwenye egemeo lake, bolti za flaiwili ziwe mpya pale mtengenezaji anapoagiza hivyo, na za presha pleti zikazwe kwa kupishanisha pande, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu.