Je, kila ardhi yenye mto iitwe bonde?

Mtoa hoja

Naomba tujadili swali ambalo kwa haraka linaonekana kuwa la kamusi tu, lakini kwa maoni yangu linagusa makazi ya watu: neno *bonde* libebe maana ngapi katika nyaraka za umma?

Kwa mzungumzaji wa kawaida, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya miinuko, aghalabu yenye mto na rutuba. Hata jina la Wabondei wa Muheza limetokana na maana hiyo, kwa kuwa nchi yao iko chini ya milima ya Usambara. Hata hivyo, Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na hapo bonde si ardhi ya chini tena, bali ni eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto au ziwa moja. Kwa utaratibu huo, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, tangu migombani hadi kwenye theluji, imo ndani ya Bonde la Pangani. Nchini Kenya nako, Mkoa wa Bonde la Ufa, uliodumu hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ulijumuisha Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Ningeyavumilia hayo yote kama yangeishia kwenye ramani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, yaliyoua watu zaidi ya 40, maneno "wakazi wa mabondeni" yalizoeleka mno katika habari na matangazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ya mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa kamba. Lakini anayeambiwa tu kwamba anaishi bondeni hajui kama anaambiwa yuko kando ya mto, au kwenye ardhi ambayo Msimbazi huifunika ukifurika, au popote pale katika eneo linalomwaga maji yake Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu hadi baharini. Maana hiyo ya tatu inaweza kumkumba hata mtu ambaye maji ya mto hayajawahi kufika mlangoni pake.

Napendekeza bonde libaki kuwa ardhi ya chini. Eneo linalokusanya maji liitwe *dakio*, kwa kuwa wataalamu wa maji tayari huziita sehemu zake vidakio. Ardhi inayofunikwa na mto uliofurika iitwe uwanda wa mafuriko.

Mchangiaji kutoka Kondoa

Ndugu mtoa hoja, kuhusu matangazo nakubaliana nawe kabisa. Ninachokipinga ni dhana kwamba neno lenye mawanda mapana ni neno lenye kasoro.

Tazama *korongo*. Huku kwetu korongo ni mfereji ambao mvua imeuchimba katika ardhi iliyochoka, pengine wa kimo cha mtu, wenye mchanga mtupu wakati wa kiangazi na maji ya kutisha wakati wa masika. Makorongo hayo ndiyo yaliyoleta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vya Irangi ili majani yapate kurudi. Oldupai nayo, yenye kina cha mita 90 hivi, ni korongo vilevile. Ukubwa wao hauna ulinganifu, lakini mzungumzaji hakukosea, kwa sababu jina halikufuata ukubwa. Limefuata kazi ya maji yaliyokata ardhi na kuacha kuta pande mbili. Neno la namna hiyo ni hazina, na sitaki kuona kamati yoyote ikilipunguza.

Tena neno halikubaliki kwa kuandikwa tu. Kamusi zimetupa *kasoko* kwa shimo la volkano, na ni neno zuri, lakini Ngorongoro wengi wetu tunasema kreta. Nachelea dakio litaishia huko huko.

Mtoa hoja

Nashukuru, na kuhusu korongo naondoa shaka niliyokuwa nayo. Kuta zake zinaonekana. Anayesema na anayesikia wanaweza kusimama ukingoni na kukubaliana kwamba hiki ndicho kinachosemwa.

Bonde la maji halionekani hivyo. Mpaka wake hupita juu ya vilele, na huchorwa na mtaalamu anayejua mvua ya upande huu itateremkia wapi na ya upande ule wapi. Kwa hiyo maana mbili zilizomo katika neno hili hazifanani na mfereji wa Kondoa na kuta za Oldupai, ambavyo ni kitu kimoja kwa vimo viwili. Hapa moja ni sehemu ya chini kabisa ya nchi, na nyingine inaipandisha mipaka hadi juu mlimani. Kasoko halikushika, ni kweli, lakini aliyesema kreta hakupoteza chochote.

Wala siombi dakio litumike katika mazungumzo ya sokoni. Naliomba kwa ajili ya karatasi inayobandikwa kwenye mlango wa mtu, ambayo ingefaa pia itaje jina la mto na idadi ya mita kutoka ukingoni mwake.