F50, AC75 au Moth: ukipewa kimoja, ungepanda kipi?

Mzee_wa_Bandarini (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Barazani kwetu Tanga kuna ubishi usioisha tangu vijana waanze kutazama kwenye simu mbio za SailGP, yale mashindano ya kimataifa ya boti za tanga. Mmoja anasema F50 ndiyo mwisho wa maneno: katamarani (chombo chenye mabodi mawili yaliyounganishwa) ya mita 15, tanga lake si kitambaa bali bawa gumu lililosimama wima, na mwaka 2025 kule Sassnitz, Ujerumani, timu ya Denmark ilipita kilomita 103 kwa saa. Mwingine haambiwi kitu kuhusu AC75, zile boti za Kombe la America, zenye bodi moja tu lakini zinaruka. Kijana wa tatu ana kidude kiitwacho Moth, mtu mmoja, urefu mita 3 na kitu.

Zote tatu zinakimbia juu ya foili, mabawa yaliyo chini ya maji yanayoinua chombo chote kikabaki hewani. Nataka wanaojua wanipambanulie: kipi kimeundwa kwa akili zaidi, na kipi kina raha zaidi? Si lazima kiwe kimoja. Nawasilisha.

FundiMkuku
Mzee wangu shikamoo. Kwanza tuelewane kwa nini zinakimbia kuliko upepo wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapoachwa. Ukipanda bodaboda siku isiyo na upepo, bado upepo unakupiga usoni. Chombo kikikimbia ni hivyo hivyo: tanga linapata upepo uliopo pamoja na ule unaotokana na mwendo wake. Mashua ya kawaida haifaidiki sana kwa sababu bodi, yaani tumbo la chombo, limezama na maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Ondoa bodi majini, ukinzani mkubwa umeondoka, na kila ukiongeza kasi unajiongezea upepo.

Sasa ulinganisho. F50 zote ni pacha. Umbo moja, foili moja, na takwimu za kila boti zinaonekana na timu zote. Kwa hiyo anayeshinda ni nahodha na watu wake. AC75 ni kinyume: kuna sheria za jumla, lakini hadi 2024 kila timu ilijichorea bodi lake na foili zake. Hapo mashindano yanaanza miaka kabla, kwenye meza za wahandisi.

Na AC75 imenivutia kwa jambo moja: haina mkuku (uti wa chini ya chombo) wenye uzito. Ina mikono miwili pembeni, kila mmoja una foili nzito mwishoni. Mmoja umezama umebeba boti, mwingine umeinuliwa hewani upande unakotoka upepo, na uzito wake ndio unaozuia boti isilale. Wakipiga bisho, yaani wakigeuza ili upepo uje upande wa pili, inabidi yote miwili iwe majini kwa sekunde chache, kisha wabadilishane kazi. Wakikosea hapo, mnaona wenyewe. Januari 2021 kule Auckland boti ya timu ya Marekani, American Magic, iliruka juu, ikaanguka ubavu, ikatoboka na nusura izame.

Kura yangu: akili AC75, mbio za kutazama F50.

Kaskazi_Tupu
Kaka Fundi umesahau kusema kwamba Barcelona 2024 kila AC75 ilikuwa na watu wanne wanaochochea baiskeli ndani ya bodi kusukuma mafuta ya haidroliki. Ubaharia gani huo wa kuinamisha kichwa na kupiga pedali bila kuona bahari? 😂

FundiMkuku
Na bado New Zealand walimpiga Mwingereza 7 kwa 2 😂 Pedali zina kazi bwana.

BintiMaskati
Assalaam aleikum. Mimi nimeolewa Muscat, kwa hiyo nimebahatika kidogo. Zile mbio za Extreme Sailing Series zilipokuwa zikija hapa na GC32, katamarani ndogo za foili, tulikuwa tunasimama ufukweni Almouj na watoto. Kitu ambacho simu haitoi ni sauti. Chombo kinapopanda kelele za maji zinakatika ghafla, kinabaki kimluzi tu.

Mzee, kuhusu F50 kuna dosari moja ambayo kwa jicho la mtu wa pwani ni kubwa: lile bawa halishushwi. Jioni linanyanyuliwa kwa kreni. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na cha kwanza alichofundisha wanawe ni kulishusha tanga mapema tufani ikija. Machi 2025 bawa la Waaustralia liliporomoka San Francisco, na mashindano ya Rio yaliyofuata yakafutwa. Mimi chombo nisichoweza kukipunguzia tanga sikipandi, hata kiwe na kasi ya ndege.

Nusu_Baharia
Wote mnazunguka. Mkitaka kasi, jibu liko Afrika: Walvis Bay, Namibia, Novemba 2012. Baharia Paul Larsen akiwa na chombo chake Vestas Sailrocket 2 alikimbia wastani wa kilomita 121 kwa saa kwenye mita 500, upepo wenyewe ukiwa karibu 50. F50 inaisikia kwa jirani.

Ubunifu wake sasa. Ukifika kasi ile shinikizo juu ya foili linashuka mpaka maji yanageuka mvuke bila moto, foili inapoteza nguvu na mtikisiko unaanza. Wengi wanapambana kuuzuia mvuke usitokee. Larsen na wenzake walitengeneza foili yenye umbo la kabari, mgongo wake umekatwa butu, wakaacha hewa iingie nyuma yake kwa makusudi. Tena tanga na foili vimelazwa kwa pembe moja vikivutana, kwa hiyo chombo hakina sababu ya kulala. Boti yao ya kwanza iliwahi kupinduka hewani mwaka 2008, hawakuacha.

Mzee_wa_Bandarini
Marahaba Fundi. Bi Maskati, umenena, baba alikufunza. Nusu_Baharia, huyo Sailrocket anapiga bisho?

Nusu_Baharia
😅 Hapana mzee. Anakwenda upande mmoja tu. Akimaliza anavutwa na boti kurudi.

Mzee_wa_Bandarini
Basi huyo ni mshale, si chombo.

PajeUpepo
Wakuu mimi nafundisha kaiti (kuvutwa na tiara juu ya maji) Paje, Zanzibar, na foili ninazo mguuni kila siku kusi likivuma, niacheni nimtetee kijana wa Moth. Omoni kuna kijiti kinachoburura juu ya maji. Chombo kikipanda mno kijiti kinashuka, kinavuta waya, foili inapunguza nguvu. Hakuna kompyuta wala betri. Kilo 30 hivi, unakibeba mwenyewe kukitoa mchangani, na kinapita kilomita 50 kwa saa. Kule juu ya AC75 usukani ni wa wachache, wengine wana kazi nyingine. Moth wewe ndiye nahodha, ndiye uzito, ndiye utakayeruka kichwa mbele. Tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa Moth marejeo ni majini, na siku za mwanzo ni kila dakika mbili. Raha yake ndiyo hiyo.

Halafu mtaalamu Fundi, ungeangalia matengo ya ngalawa zetu, yale ya pembeni, kabla ya kwenda Auckland. Tengo si gogo linaloelea. Ni ubao uliolazwa mshazari, chombo kikienda maji yanausukuma juu. Kikisimama haukibebi sana. Hiyo si foili?

FundiMkuku
Kanuni ni ile ile, sikatai. Tofauti ni kwamba tengo linafanya kazi kwenye uso wa maji na linazuia kulala tu, halinyanyui bodi. Lakini hoja nzuri, nimeipokea.

Kaskazi_Tupu
Kwa hiyo AC75 ni ngalawa ya tajiri. Nilijua.

BintiMaskati
PajeUpepo, mwanangu ana miaka 14, anajua dingi (mashua ndogo ya tanga) vizuri. Aanze na Moth?

PajeUpepo
Hapana dada. Moth halisi ni ghali na kila mtu anajichagulia foili zake. Tafuta Waszp, imetokana na Moth lakini zote ni sawa na vifaa vyake ni vigumu kuvunjika. Helmeti na jaketi ya kuelea ni lazima, na boti ya uokoaji iwe karibu, kwa sababu ile foili akiiangukia inakata. Aanze siku ya upepo wa wastani, si mkali wala legelege. Upepo ukiwa mdogo mno hakipandi, atakata tamaa bure.