Unga wa mjonso na kolesteroli: karatasi mbili za maabara zinatosha?

Kasulu_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna mganga huku Kasulu anawapa wenye kolesteroli ya juu unga wa majani ya mjonso, ule mti mchungu (Vernonia amygdalina; jina la mjonso ni la Watongwe wa kule Mahale). Kijiko cha chakula kwenye kikombe cha maji ya moto, asubuhi na jioni, na asali ya kuua uchungu. Wateja wanarudi na karatasi za kolesteroli: kabla 6.8 mmol/L, baada ya mwezi 5.9. Mzee si mbabaishaji, anataka kujua kweli inashusha au la. Aanzie wapi, bila gharama za kutisha?

Damu_na_Chupa:
Aanze na hiyo 6.8 yenyewe. Ni jumla tu, ndani yake kuna LDL (kolesteroli mbaya), HDL (ile nzuri) na sehemu ya trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu. Jumla ikishuka kwa sababu HDL imeshuka, mgonjwa hajafaidika kitu. Omba kipimo kamili cha mafuta, siyo kile cha tone la kidole. Vile vikaratasi vya kidole vikikaa dukani kwenye joto huharibika, na mpimaji akikamua kidole kwa nguvu, majimaji ya mwili huchanganyika na damu na namba inashuka yenyewe.

Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinakokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Jumla 6.8, HDL 1.1, trigliseridi 2.2: LDL ni 4.7. Trigliseridi ikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai tena. Trigliseridi hupanda mtu akila, kwa hiyo akae bila kula kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo, maji tu. Akae kwenye kiti dakika tano kabla ya sindano, kwa sababu aliyelala kitandani hutoa namba ndogo kuliko aliyesimama. Mpira wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu usizidi dakika moja, ukikaa sana namba inapanda. Maabara ile ile, mashine ile ile, kabla na baada ya dawa, na vyote asubuhi.

Halafu malaria. Mtu akiwa na homa, kolesteroli hushuka na trigliseridi hupanda. Aliyeugua katikati ya jaribio asipimwe kwanza, apewe mwezi au zaidi. Kwa mkoa kama Kigoma hili peke yake linaweza kutengeneza "dawa inayofanya kazi".

Mnyamwezi_Mizani:
Niongezee hapo. LDL ya mtu yule yule, bila dawa yoyote, hucheza kwa karibu asilimia 8 kutoka siku hadi siku, na mashine nayo ina makosa yake. Ukilinganisha kipimo kimoja na kimoja, tofauti ya chini ya asilimia 25 hivi huwezi kuiapia. 6.8 hadi 5.9 ni asilimia 13, na hapo ni jumla, siyo LDL. Isitoshe, watu huenda kwa mganga pale namba yao ilipokuwa juu kuliko kawaida, na namba ya namna hiyo ikipimwa tena huelekea kushuka hata kama mtu amekunywa chai ya rangi tu.

Na mawese je? Aliyeambiwa ana kolesteroli huacha mawese na kwenda kwenye alizeti siku ile ile. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayopandisha LDL. Kuyaacha kunaishusha, sifa zinakwenda kwa mjonso.

Kwa mtu mmoja: vipimo viwili kabla, vikiachana wiki moja au mbili, chukua wastani. Dawa wiki nane, chakula kibaki kile kile, mawese yakiwemo. Vipimo viwili tena. Kisha aache wiki sita apimwe. Isiporudi juu baada ya kuacha, huenda mjonso haukuwa sababu. Anayetumia atorvastatini (dawa ya hospitali ya kushusha kolesteroli) asiiache ili kupisha jaribio, hilo halina mjadala.

Kwa kundi: ipigwe kura ya bahati nasibu nani apate mjonso nani apate unga usio na dawa, na mgonjwa wala aliyeshika bomba la sindano asijue. Uchungu utawafichua, kwa hiyo tieni kwenye kapsuli. Idadi? Kama LDL za watu zinatawanyika kwa 0.9 (mkengeuko sanifu) na mnatafuta tofauti ya 0.5 kati ya makundi: gawanya 0.9 kwa 0.5, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara 16. Ni watu 52 kila kundi. Hiyo inahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na ruhusa ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Karatasi za wateja hazigeuki utafiti kwa kuzikusanya kwenye faili.

Majani_Kivulini:
Dawa yenyewe mmeisahau. Kijiko cha kujaa na kijiko kilichosawazishwa vinaachana sana. Nunueni mizani ya gramu ya jikoni, mzee achote vijiko kumi, mvipime kimoja kimoja, wastani ndio uwe dozi. Majani yakaushwe kivulini, yachekechwe, unga wote wa jaribio uwe wa mavuno mamoja. Tawi lenye maua libanwe kwenye magazeti, lipelekwe hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuthibitisha ni mti gani. Sampuli ya unga iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mratibu wa tiba asili wa wilaya atawaelekeza.

Ushahidi wa mjonso kwa kolesteroli ninaoufahamu ni wa panya. Kwa panya pia hushusha sukari, kwa hiyo anayemeza glibenklamidi (dawa ya kisukari) akae kando, sukari inaweza kushuka mno akaanguka. Pimeni ini (ALT) na figo (kreatinini) kabla, wiki ya nne na mwisho. ALT ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, anaacha.

Kasulu_Juu:
Shukrani wakuu. Asali je, ibaki? Bila asali hawanywi.

Damu_na_Chupa:
Kiasi gani?

Kasulu_Juu:
Vijiko viwili vikubwa kila kikombe.

Damu_na_Chupa:
Basi ni vinne kwa siku, kama gramu 80, zaidi ya 60 kati ya hizo ni sukari. Hiyo inapandisha trigliseridi, na trigliseridi ikipanda LDL ya kukokotoa inashuka kwenye karatasi. Toa asali, tia kapsuli.