Mjadala: Milioni moja ya PDM ibaki mkopo, au mtu wa kijijini apewe iwe yake?

Mwalimu, Bwera

Jumapili jirani yangu alikuja na karatasi yake ya sako, akaniomba nimpigie hesabu. Alichukua milioni moja ya PDM (Parish Development Model), ule mpango wa serikali ya Uganda wa kuzikopesha kaya maskini, akanunua nguruwe wanne na magunia ya pumba. Homa ya nguruwe ikapita bondeni kwetu, akabaki na banda tupu. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, miaka ni miwili, basi anatakiwa kurudisha 1,120,000. Akaniuliza, "Mwalimu, hii si ndiyo pesa iliyokuja kututoa kwenye umaskini?" Nilikunywa chai yangu nikanyamaza.

Kwa ambaye hakufuatilia: PDM ilizinduliwa Kibuku Februari 2022. Kila parishi (eneo la serikali lenye vijiji kadhaa) inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, zinaingia kwenye sako ya parishi, na kaya iliyochaguliwa inakopeshwa milioni moja. Walengwa ni zile kaya ambazo wakati huo serikali ilisema ni asilimia 39 ya kaya za nchi, zinazolima kwa ajili ya kula tu.

Msimamo wangu najua utawaudhi wengine. Pesa hii mtu apewe mkononi, iwe yake, asiirudishe, na asichaguliwe cha kununua. Haya, nipingeni.

Mzee wa Bombo

Nakupinga, na sina haja ya kuzunguka. Wewe huenda ulikuwa mtoto, lakini sisi tuliiona Entandikwa, mpango wa serikali wa miaka ya tisini. Huo nao ulikuwa mkopo, ila watu waliusikia kama asante ya kura. Nani alirudisha? Mfuko ukakauka, na wale ambao zamu yao ilikuwa bado wakabaki kushika makaratasi. Mwenye kulipa ndiye anayempa nafasi jirani yake. Ukisema ni zawadi, umeifunga foleni.

Halafu tusidanganyane kuhusu waragi, ile pombe kali. Nimeona mtu kapokea pesa saa nne asubuhi, saa nane anasindikizwa nyumbani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Dada wa Koboko

Shikamoo mzee. Jembe linauzwa dukani, na dukani wanataka pesa.

Na kama ni kupewa vitu, tulipewa. Huku kwetu, enzi za mpango wa serikali ulioitwa Operesheni ya Kuleta Utajiri, wanajeshi walileta miche kwenye lori. Ilifika mvua imeshakatika. Shangazi yangu aliletewa miche ya michungwa hali shamba lake ni la muhogo na hana hata mtu wa kuchota maji. Aliifunika kwa majani wiki mbili, kisha akaitumia kama kuni. Angepewa thamani ya ile miche angenunua mbuzi jike, maana mbuzi anamjua.

Kuhusu waragi, huyo uliyemwona simkatai, yupo kila kijiji na watu humkumbuka kwa sababu hupita barabarani akiimba. Aliyenunua mabati hupiti nyumbani kwake kumhesabu. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu jambo hilihili. Kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda watu walipopewa pesa, na mahali pengi yalishuka.

Mfano mwingine ni wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 2008, kupitia mradi wa serikali ulioitwa NUSAF, vijana wa kaskazini walipewa pesa kwa vikundi, wastani wa dola 382 kwa kichwa, bila kurudisha. Walichagua wenyewe: cherehani, useremala, kuchomelea vyuma, saluni. Vikundi vilivyoomba vilikuwa vingi kuliko pesa, vikachaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti waliweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Baada ya miaka 4 waliopata walikuwa na kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 38.

Mzee wa Bombo

Marahaba binti yangu. Lakini umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu. Watafiti haohao, akina Blattman, walirudi baada ya miaka 9, wakakuta waliokosa wameshawafikia waliopata. Kipato kilekile. Sasa ile pesa imefanya nini?

Dada wa Koboko

Nimeusoma na huo, mzee. Waliokosa walihangaika mpaka wakafika, na waliopata bado walikuwa na mali zaidi na ufundi mikononi. Hata hivyo tuseme tofauti imeisha kabisa. Ile miaka ya katikati je? Mtoto wa darasa la nne aliyelipiwa chakula cha mchana na sare (shule ni ya bure tangu 1997, tunaambiwa) mwaka wa tisa yuko sekondari au ana watoto. Huwezi kumrudisha darasani kwa sababu baba yake amekuja kupata kipato baadaye.

Muuza mahindi, Busia

Mnaongea vitabu, mimi naongea soko. Pesa ya PDM ikitoka, wiki ileile mbuzi anapanda. Nilimzoea jike wa laki moja na nusu. Siku ile wanakutajia laki mbili na ishirini bila haya, maana wanajua umetoka sako. Vifaranga hivyo hivyo. Ukiwapa wote zawadi utakuwa umemtajirisha dalali wa mnadani. Mimi ni mchuuzi, sina cha kulalamika, lakini nasema kweli.

Mwalimu, Bwera

Hapa umegusa jambo, na naomba tukae nalo kidogo, kwa sababu nadhani mbuzi wako ananiunga mkono mimi.

Ng'ambo yako tu, Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa kama dola 1,000 kwa kila kaya, zaidi ya kaya 10,500, bila masharti. Uliitwa utafiti mkubwa kwa sababu uliangalia vijiji 653, hadi madukani na sokoni. Bei zilipanda kwa kiasi ambacho ukitembea na kikapu hukioni. Na kila dola iliyoingia ilizunguka mpaka uchumi wa eneo lile ukakua kwa karibu dola mbili na nusu, hata wasiopewa wakafaidi kwa kuuza na kwa vibarua.

Kwa nini Siaya bei zitulie na Busia mbuzi aruke? Siaya huyu alinunua mabati, yule akalipa ada, mwingine kitanda, mwingine ng'ombe. Kila mtu alikwenda duka lake. Sisi tumeandikisha kila mtu kwenye orodha ya miradi: nguruwe, kuku, mbuzi, kahawa. Parishi nzima inaingia mnada mmoja siku moja kutafuta kitu kimoja, na muuzaji anawaona wanavyokuja. Hapo kilichopandisha bei ni amri ya kununua, pesa imesingiziwa. Na wote wakifuga nguruwe, homa ikija inakuta parishi nzima imekaa meza moja. Muulizeni jirani yangu.

Mkimbizi wa Kyaka II

Mwalimu, hapo kwa bei sikubali yote. Sisi Wakongomani hapa kwenye makazi ya wakimbizi tumekula mgao wa aina zote mbili, unga na feza. Feza ni nzuri, nakubali, unanunua dagaa na mawese badala ya kuuza unga kwa hasara ili upate sabuni. Lakini wachuuzi wanajua tarehe ya malipo kuliko sisi wenyewe. Wiki hiyo maharage yanakuwa mambo mengine, kisha yanashuka tukiwa mifuko mitupu.

Na kitu kingine mnachosahau nyie raia. Feza ya kupewa inakatwa na aliyetoa. Mwaka 2020 mgao ulishushwa hadi asilimia 70, mwaka 2021 hadi 60, halafu 2023 tukapangwa kwa makundi, na wengine wakaondolewa kabisa wakaambiwa sasa wanajitegemea. Mke wangu aliwauliza, tunajitegemea tangu lini? Mkopo unakunyima usingizi, ni kweli. Zawadi nayo hujui kesho itakuwepo.

Katibu wa sako (parishi siitaji)

Nimesoma kimyakimya nikaona nisilale na maneno.

Mwalimu, mimi ndiye ninayegombana na watu kuhusu ile 1,120,000, na wengi hawana. Lakini nikuambie kinachotokea ikiwa zawadi. Sasa hivi, pamoja na kwamba ni mkopo, watu wanaombwa "kitu kidogo" ili jina liingie kwenye orodha. Mwanamke mmoja kwetu alitoa laki moja kabla hajaona hata shilingi, akaanza biashara na laki tisa akidaiwa milioni. Ikiwa zawadi, hiyo laki itakuwa tatu, na orodha itaandikiwa nyumbani kwa mwanasiasa. Deni linawafukuza baadhi ya wakubwa. Wanaogopa kuulizwa baadaye. Si wote.

Dada wa Koboko

Katibu, asante kwa ukweli. Ila huo ni ugonjwa wa orodha. Tupeni wote kijijini, kama GiveDirectly walivyofanya huku Uganda kwenye baadhi ya vijiji, uone atakuuzia nini mwenye orodha.

Nina swali kwako pia. Kaya ni nini? Mume ana wake watatu, nyumba tatu, majiko matatu, watoto kumi na wanne. PDM inawaandika kaya moja au tatu? Kwetu aliandikwa mume. Mke wa pili alisikia habari ya ile pesa kwa aliyeuza pikipiki.

Katibu wa sako

Kwetu tunaandika kila jiko. Lakini si kila parishi inafanya hivyo, na mume akija na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), unafikiri mimi nitashinda?

Mzee wa Bombo

Mimi niko kwenye umri wa kuongelea ile pesa nyingine ya serikali, ya wazee. Shilingi 25,000 kwa mwezi. Hiyo hairudishwi, na sikuwahi kumwona mzee kalewa nayo, hilo nalikubali, binti yangu usicheke. Sabuni, chumvi, sukari, daftari la mjukuu. Duka linamkopesha kwa sababu linajua itakuja.

Ilipoanza, kwenye wilaya za majaribio alipata mwenye miaka 65, na Karamoja 60. Walipoipeleka nchi nzima wakapandisha hadi 80. Marehemu kaka yangu aliikosa kwa sababu kitambulisho kilimpunguzia miaka tisa. Kijana aliyemwandikisha alikisia tu. Kusahihisha kunataka nauli, barua, nauli tena. Na anayeipata huisubiri miezi mitatu minne, kisha bodaboda kwenda na kurudi kituo cha malipo anakula elfu kumi.

Kwa hiyo sipingi zawadi yote. Napinga milioni ya kupewa mtu mwenye nguvu zake.

Muuza mahindi, Busia

Mzee kageuka!

Mzee wa Bombo

Sijageuka. Nimesogea kiti.

Mwalimu, Bwera

Nami nisogee kidogo. Katibu amenipiga penye uchungu: zawadi yenye orodha ya kuchagua ni mnada. Basi iwe ndogo zaidi lakini kwa kila jiko, iingie kwenye simu ya mwanamke wa jiko hilo, na ile asilimia nusu ya kodi ambayo serikali hukata mtu anapotoa pesa kwenye simu isiiguse, maana ni kichekesho kumpa maskini kwa mkono huu na kumkata kwa huu. Anayetaka milioni akakope, kwa hiari, akijua ni deni.

Sijui kama hazina inaweza. Lakini milioni 100 kwa parishi zaidi ya 10,000 kila mwaka tayari zimeandikwa kwenye bajeti, kwa hiyo tusiambiane pesa hakuna.

Katibu, na jirani yangu nimwambieje?

Katibu wa sako

Aende kwa daktari wa mifugo wa kata ndogo, apate barua kwamba wanyama walikufa kwa homa, aipeleke kwenye kamati ya sako yake kabla tarehe haijafika. Siahidi. Lakini wenye barua husikilizwa kuliko wenye maneno.

Mwalimu, Bwera

Ameshakwenda. Daktari ameomba elfu thelathini ya mafuta ya pikipiki.

Mkimbizi wa Kyaka II

Aongeze kwenye deni.