Lenzi ya 50mm, ya 85mm au flashi kwanza? Nafungua studio Tanga

MwanaNgamiani: Habari za jioni wakuu. Nimepata chumba Ngamiani, mwezi ujao naanza studio: pasipoti, familia, na maharusi wakipita. Nina laki nane. Nichukue lenzi ya 50mm f/1.8, ya 85mm f/1.8, au lenzi nisubiri kwanza ninunue flashi ya studio na softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga)? Keshokutwa napanda basi kwenda Kariakoo.

KameraMkononi: 85mm. Sura inatulia, nyuma panafifia vizuri. Mimi sibadilishi tena.

FundiTaa: Mkuu, kamera gani? Chumba kina urefu gani? Bila hayo tutakupoteza.

MwanaNgamiani: Samahanini. Canon 4000D na lenzi yake ya 18-55. Chumba nimekipima kwa hatua, kama mita nne kwa tatu.

FundiTaa: Basi 85 iondoe. Sensa ya kamera hiyo ni ndogo, inakata picha mara 1.6, kwa hiyo 85 inakuwa kama 136, inamvuta mtu karibu zaidi. Ukitaka mtu mzima kuanzia kichwani mpaka viatuni, urudi nyuma mita nane hivi. Hata 50 inataka karibu mita tano! Kwako 50 ni ya pasipoti na kifua tu. Familia piga kwa hiyo hiyo 18-55 kwenye f/8, yaani tundu la lenzi limebanwa, ila usishuke 18 ukamsogelea mtu, pua inavimba. Na f/8 ndani ya chumba inahitaji flashi. Ndiyo maana nasema taa kwanza.

Halafu, 4000D haina ile pini ya katikati pale juu panapochomekwa flashi. Triga (vifaa vya kuiamsha flashi kwa mbali) nyingi za bei ndogo haziwashi kitu. Nenda na kamera yako dukani, chomeka, bonyeza, uone taa inapiga ndipo utoe hela. Shata, yaani kasi ya kupiga, isizidi 1/200 ya sekunde, la sivyo utapata ukanda mweusi.

DadaChumbageni: Mdogo wangu, ukishawishika kuchukua lenzi ya mtumba, nisikilize mimi niliyeumia. Nilinunua 50mm Dar, muuzaji akaipuliza, akaifuta, ikang'aa. Harusi ya kwanza, bibi harusi kakaa dirishani, jua nyuma yake. Picha zote zimetanda weupe kama nimepigia ndani ya chandarua. Nikalaumu jua. Kuja kuipeleka kwa fundi, akamulika tochi ya simu kwa nyuma: nyuzi nyeupe, utando mtupu. Fangasi! Nikarudia picha bure, nikakodi na gari la kuwapeleka Raskazone kwa mfuko wangu, na mama wa binti mpaka leo tukikutana sokoni salamu yake fupi. Mulika pande zote mbili kabla hujalipa. Na kwa hewa yetu hii ya bahari hata lenzi mpya usiilaze kwenye begi. Ndoo yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani.

MzeeWaFilamu: Fangasi hupenda giza na unyevu. Mie zangu naziweka juani kila Ijumaa asubuhi, miaka yote salama.

KameraMkononi: Mzee wangu, shikamoo, lakini joto la jua linalainisha grisi ya ndani, ikachuruzika mpaka kwenye vile vibapa vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi.

MzeeWaFilamu: Marahaba. Nimesema asubuhi, sikusema saa saba.

KijanaWaKaole: Huku Bagamoyo natumia LED. Unauona mwanga kabla hujapiga, na video unapata.

FundiTaa: Watoto wanne hawatulii, kaka. LED ndogo itakupandishia ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) na bado mikono imetikisika. Flashi inawagandisha. Tena familia ikiwa na baba wa kanzu nyeupe na mama wa buibui, rudisha taa nyuma: ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, lakini wa mbele na wa nyuma wanaupata karibu sawa.

KijanaWaKaole: Na umeme ukikatika?

FundiTaa: Ipo ya betri, kama Godox AD200. Ila hapo laki nane itabana.

MwanaNgamiani: Nimepima kwa futikamba sasa: mita 3.7. Mlango unatazama kibaraza cha mwenye nyumba, kesho namwomba nisimame pale. Dada, yule fundi wako bado yupo? Nimeimulika hii 18-55, naona kitu.

DadaChumbageni: Doa au nyuzi?