Visanamu vya fantasia: mnapigaje picha mtu akaona kila upande?

Brashi_Kavu
Wakuu salaam, naomba msaada wa wenye uzoefu na kamera na hivi visanamu vya Warhammer, ule mchezo wa vita wa mezani. Nipo Derby huku Uingereza, kuna mzee tunafanya naye kazi anahamia nyumba ndogo na mkewe kashatoa amri lile kabati la midoli liondoke, basi kaniomba nimuuzie eBay maana yeye na mtandao ni mbalimbali. Kwenye maboksi kuna vya chuma vya Citadel (chapa ya visanamu ya Games Workshop, kampuni ya Warhammer) vya miaka ya 80, orki, mazimwi, vijeba wenye mashoka, mchawi mmoja ana fimbo nyembamba naogopa hata kuigusa, halafu kuna vya plastiki vya juzijuzi na joka moja kubwa la mabawa. Vingi kapaka rangi mwenyewe na kwa kweli mzee ana mkono.

Shida sasa ni picha. Kisanamu chenyewe sm tatu, nikisogeza kamera uso unatoka safi ila upanga ulio mbele na joho la nyuma ukungu mtupu, nikirudi nyuma kinaonekana kadogo mno, nikiwasha flashi ndio kabisa deraya inawaka nyeupe na mgongo unabaki giza. Na wateja wa huku hawana masihara, ukiweka picha mbili tu meseji zinaanza, onyesha mgongo, onyesha chini, geuza kushoto kidogo. Kwenye tovuti ya Games Workshop kuna vingine unavizungusha kwa kidole mpaka unaona kisigino, nataka kitu cha hivyo ila studio sina, nina simu, kamera ya kuazima yenye lenzi ya makro, na meza ya jikoni. Nianzie wapi?

Fundi_Lenzi
Mkuu karibu. Mimi napiga picha za bidhaa hapa Dar, pete, saa, cheni, kwa hiyo huo ukungu wako naujua vizuri sana.

Iko hivi, kitu cha sm tatu ukikijaza kwenye fremu, kamera ya sensa kubwa, f/8 (kipimo cha kitundu cha lenzi, namba ikiwa kubwa kitundu ni kidogo), eneo linalotoka kali ni milimita moja na kidogo tu. Milimita moja! Na toka ncha ya upanga mpaka pindo la joho una sm mbili na ushee, sasa utaona vipi. Wengi wanakimbilia f/22, ni kweli kina cha hilo eneo kali kinaongezeka lakini mwanga ukipenya kwenye kitundu kidogo vile unatawanyika na picha nzima inalainika, na wewe unataka mtu aone mpaka mistari ya brashi. Dawa ni kurudi nyuma. Rudi mpaka kisanamu kichukue kama theluthi ya urefu wa fremu, f/8 ileile inakupa milimita nane hivi, f/11 inavuka sentimita, halafu unakata picha ukifika kwenye kompyuta. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 4000 toka juu mpaka chini, theluthi ni 1300, kwa eBay inatosha na chenji inabaki. Hiyo "kadogo mno" unayoiona ni kwenye kioo cha kamera tu, usiiogope. Fokasi iweke usoni, macho yakiwa kali mtu anasamehe ncha ya upanga. Na kama kuna kimoja cha bei mbaya kweli, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogokidogo toka mbele kwenda nyuma, halafu Helicon Focus au Zerene Stacker inaziunganisha inachukua kila palipo kali. Ila hiyo kwa picha ya mbele tu, ukitaka kuifanya kwa mzunguko mzima utakesha.

Pili, shusha kamera. Karibu kila picha ya visanamu ninayoiona imepigwa mtu amesimama na kisanamu kiko mezani, matokeo yake unaona kofia ya chuma, mabega, na miguu imefupika, uso haupo. Lenzi ikae usawa wa kifua cha kisanamu, ikibidi panga vitabu chini yake.

Mwanga: flashi zima. Taa ya dari zima. Chukua taa mbili za mezani za aina moja, balbu zilezile usichanganye ya njano na nyeupe, moja kushoto moja kulia zikiwa mbele kidogo, na mbele ya kila taa ning'iniza karatasi ya kuokea, ile nyeupe inayopitisha mwanga. Iwe karibu na kisanamu usiwe mbali, mwanga ukitoka kwenye eneo kubwa vile vialama vyeupe vya kuwaka kwenye deraya vinatanuka na kutulia. Nyuma weka kadi ya kijivu. Nyeupe pe kamera inadanganyika, inafanya kisanamu cheusi.

Kuzungusha ndio rahisi kuliko unavyodhani, tafuta kile kisahani cha kuzungusha cha wapamba keki. Kata karatasi ya duara, ikunje katikati, tena, tena, tena, ukifungua una mikunjo 16, ibandike juu ya kisahani, weka alama moja isiyosogea pembeni, na kila mkunjo ukifika kwenye alama bonyeza shata. Ukitaka 24 tumia kipimapembe, digrii 15 kila hatua, inazunguka laini zaidi. Katikati ya duara weka gundi ya udongo ile ya kubandikia mabango, ubandike kitako cha kisanamu, yaani kile kijukwaa kinachosimamia. Kabla ya kuanza kitazame kwa mbele halafu digrii 180 kwa nyuma, kama kimehama kwenye mstari wa katikati ya skrini kisogeze, la sivyo kitakuwa kinayumba mtu akikizungusha.

Kitu cha mwisho ambacho watu hawakisikii hata ukiwaambia: kila kitu kiwe manyuali, useti mwenyewe. Mwanga, kasi, rangi ya mwanga, fokasi, vyote vifungwe. Ukiacha oto, joho jeupe likipita mbele kamera inapunguza mwanga, mgongo mweusi ukija inaongeza, na ukishaunganisha picha zako kisanamu kinapepesa toka mwanzo mpaka mwisho.

Dadu_Sita
Naongezea upande wa simu, mi niko Nairobi tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) kila wikendi na kamera sina. Usitumie lenzi ya kawaida ukaisogeza karibu, simu nyingi ukisogea sana zinajirukia zenyewe kwenda ile lenzi pana na hapo ngumi ya orki inakuwa kubwa kuliko kichwa chake. Weka zum mara mbili au tatu halafu simama mbali kidogo. Gusa uso wa kisanamu kwenye skrini ushikilie mpaka ifunge fokasi na mwanga, na utumie taima ya sekunde mbili ndio usitikise simu. Kina cha fokasi kwa simu ni kikubwa kushinda kamera, sensa ni ndogo, so kwa hivi vya bei rahisi mi sioni sababu ya kuhangaika na kamera hata.

Mama_Vijeba
Brashi_Kavu kaka yangu, Fundi kakueleza vizuri ila ngoja mimi nikupe upande wa mnunuzi, maana hivyo vya chuma vya miaka ya 80 ndivyo ninavyovikusanya. Mzunguko wa picha 24 unapendeza, eBay yenyewe inaruhusu picha 24 kwa tangazo, lakini katika hizo zote ninazozitafuta mimi ni tano sita, na mojawapo haimo kwenye mzunguko kabisa.

Hiyo ni ya CHINI. Vya Citadel vya kuanzia katikati ya miaka ya 80 vina ulimi wa chuma chini ya miguu unaoingia kwenye ufa wa kitako cha plastiki, na kwenye ule ulimi mara nyingi kumechorwa jina la kisanamu na mwaka. Kama kisanamu hakijagundishwa kitoe taratibu, kilaze, na taa moja tu iwe chini kabisa pembeni ikipiga kwa ubavu, herufi zitainuka zenyewe. Taa mbili laini za Fundi hapo hazifai, zinafuta kila kitu. Kama kimegundishwa kiache tafadhali, usikivunje kwa ajili ya picha.

Kwa nini tunasumbua na meseji? Kwa sababu feki ni nyingi. Mtu anachukua kisanamu halisi, anakitengenezea kalibu ya silikoni, anamwaga chuma chake. Nakala inatoka imesinyaa kidogo na vitu vidogo vimelainika, pete za deraya ya minyororo zinakuwa kama zimepakwa siagi. Kwa hiyo piga moja rula ikiwa imesimama sambamba na kisanamu, sio nyuma yake, na moja ya karibu ya sehemu yenye nakshi nyingi zaidi, mara nyingi ni mkanda au ndevu. Piga pia pale mkono unapoungana na bega, na nyuma ya goti, rangi haifiki vizuri huko na ndiko utajua kimepakwa na nani.

Halafu kuna kutu. Chuma cha enzi hizo kilikuwa na madini ya risasi ndani, na risasi ikikaa kwenye hewa ya asidi inaota unga mweupe wa kijivu unaokula mpaka ndani. Mbao za mwaloni zinatoa hiyo hewa, kwa hiyo kama lile kabati la mzee ni la mwaloni na milango yake ya kioo imekaa imefungwa miaka yote, angalia chini ya vitako na kwenye mikunjo ya majoho kabla hujapiga picha yoyote. Ukiona unga piga picha uuonyeshe na useme kwenye tangazo, mimi nitanunua hivyohivyo kwa bei yake, nisichotaka ni kuukuta nikifungua bahasha. Na unga usiupulize, nawa mikono.

Kuhusu deraya inayowaka, kwanza jua mzee alipaka kwa namna gani. Kuna rangi za metali zenyewe, na kuna ile staili ya NMM (non-metallic metal) ambapo chuma kinachorwa kwa rangi za kawaida, kijivu, bluu, nyeupe, mng'ao wenyewe umepakwa kwa brashi. NMM imechorwa kwa mtu anayetazama toka mbele. Ukiizungusha, mng'ao haufuati taa, unabaki palepale ulipochorwa, na ukifika digrii 90 upanga unaonekana una mistari ya ajabu. Picha nyingi za washindi wa Golden Demon, yale mashindano ya kupaka rangi ya Games Workshop toka 1987, utazikuta zimechaguliwa pembe kwa makini na hii ni sababu mojawapo. Kwa hivyo vya NMM weka picha ya mbele iwe ya kwanza, na mzunguko uufuate, usifanye kinyume. Vya metali halisi ndio vizungushe bila wasiwasi, vinazidi kupendeza kadiri vinavyogeuka.

Nottingham si mbali na wewe, nenda siku moja pale Warhammer World, ukumbi wa maonyesho wa Games Workshop, utazame kwenye makabati yao. Utaona watu wanavyovitazama, wanachuchumaa, wanasogea pembeni, wanarudi. Vaa nguo nyeusi na lenzi iguse kioo ukitaka kupiga picha pale, vinginevyo utapiga uso wako.

Pikseli_Mbili
Mbona hamtaji skani ya 3D? Unapiga picha nyingi, unaziingiza Meshroom ambayo ni bure, inakutolea modeli mtu anaizungusha anavyotaka, juu chini pande zote, sio duara moja tu.

Fundi_Lenzi
Nimeijaribu kwa pete mkuu ndio maana sikuitaja. Inataka kitu kisicho na mng'ao, na vitu vyembamba kama fimbo ya huyo mchawi inavikata au inavifanya vinene. Lazima upige duara tatu za urefu tofauti, bakgraundi iwe tupu kabisa maana ikiona ukuta umetulia na kisanamu kinageuka inachanganyikiwa, na kompyuta iwe na kadi ya michoro ya Nvidia. Ukimaliza hapo umbo limepatikana lakini kazi ya brashi imegeuka uji, na hicho ndicho mnunuzi anachokilipia. Tena faili la 3D la kisanamu cha watu likishakaa mtandaoni kuna wa kuliprinti, hapo umejiingiza kwenye haki za wenyewe.

Pikseli_Mbili
Haya la haki sikuliwaza. Ila kwa vya plastiki visivyong'aa bado nasema inafanya kazi.

Brashi_Kavu
Aisee asanteni sana. Kabati nimemuuliza, ni mwaloni kweli! Nimeangalia, vijeba wawili wana unga chini ya vitako, wengine wazima. Maswali mawili tu yamebaki. Joka mabawa yake yanatupa kivuli kwenye mwili nikizungusha, upande mmoja safi upande mwingine giza. Na kuna orki wamepakwa vanishi ya kung'aa kama gari, nikiwapulizia vanishi ya mati si itakata mng'ao?

Mama_Vijeba
USIPULIZE. Hiyo vanishi ni ya mzee na wakusanyaji wengine wanaitaka hivyohivyo, enzi zile ndivyo walivyopaka. Ukishapulizia umebadilisha kitu cha mtu kwa ajili ya picha. Geuza taa sio orki. Na hao vijeba wawili watenge na wengine leo hii, na wote watoke kwenye hilo kabati.

Fundi_Lenzi
Dada yuko sahihi. Kwa hao orki karatasi ya kuokea iwe kubwa zaidi na taa uzipeleke pembeni zaidi, mng'ao utaangukia ukingoni badala ya tumboni. Joka sasa: ongeza taa ya tatu juu kabisa, nayo na karatasi yake, na weka kipande cha kadi nyeupe mezani mbele ya joka chini ya fremu kirudishe mwanga tumboni. Ukiliweka kwenye kisahani katikati ya duara iwe katikati ya kitako, sio ya mwili, mabawa yatazunguka mapana kwa hiyo rudi nyuma mpaka bawa lililo refu zaidi lisitoke kwenye fremu likiwa limekaa kwa ubavu, ndio uanze kupiga. Ukipanga fremu bawa likiwa halijafika hapo, katikati ya mzunguko utakuta ncha ya bawa imekatwa na itabidi urudie yote.